Pale Barafu Ilipotua Mizigo

Tuelewane kwanza. Nchi hii iko wapi, sisemi, na ukiniuliza mara ya pili nitakunywa chai yangu ninyamaze. Hata Kazija aliyeifikia hajui kaingilia wapi. Alikuwa kwao, uani, anamnywesha baba yake uji wa mtama. Akamfuta mdomo kwa ncha ya kanga, akainua macho, na ua haukuwepo. Mbele yao palikuwa na bahari ya rangi ya majivu, na kando ya bahari vilima, vilima, vilima tu, vya mviringo, vimeota majani mafupi, vimeegemeana kama ndugu waliolala kitanda kimoja. Upepo ulikuwa wa kukata masikio. Bakuli la uji lilikuwa bado mkononi mwake, na uji bado wa moto.

Mtu mwingine angepiga ukunga. Kazija hakupiga. Mwanamke anayeishi na mzee aliyepotewa na kumbukumbu amezoea kuamka kila siku katika nchi nyingine. Jana alikuwa dada wa babake. Juzi alikuwa muuguzi, tena muuguzi mwizi, aliyeficha viatu vya watu. Asubuhi ile ile alikuwa mama: "Mama, uji una moto." Alishakuwa kila mtu, jamani, kila mtu isipokuwa Kazija. Na hilo ndilo lililokuwa likimla, sikufichi. Kuomba babake apone alishaacha, hakutaka tena makubwa. Alitaka amwite jina lake, mara moja tu, akiwa anamtazama yeye, halafu dunia ifanye itakavyo.

Na ukitaka kujua kwa nini vilima, kwa nini si msitu wala jangwa, sababu ni mzee mwenyewe. Babake Kazija aliuza barafu. Sizungumzii hizi za kwenye vifuko zinazonyonywa na watoto wa shule. Nazungumzia mapande, mapande ya kubebwa kwa mkokoteni, yamefukiwa kwenye unga wa mbao na kufunikwa magunia, yakikatwa kwa msumeno mbele ya macho ya mnunuzi. Wauza samaki walimngoja, wauza sharubati walimngoja, hata wenye maiti ndani anayesubiri ndugu wa safari walimngoja. Mji mzima ulimwita kwa wito mmoja: "Baba Kazija wee! Niletee pande!" Naye alijibu kutoka mbali, hata mkokoteni haujaonekana: "Naja! Barafu haimsubiri mtu!" Jioni alirudi vidole vimekufa ganzi, akampakata bintiye, akamsimulia habari za barafu kubwa ya zamani, barafu sultani, iliyotembea juu ya ardhi ikiisukuma milima mpaka pwani, ikachoka, ikatua mizigo yake, ikafa. "Siku moja nitakupeleka ukaone ilikofia," alisema. Ahadi za wazazi ndivyo zilivyo. Nyingine hutimia mtoto ana mvi.

Basi wakakwea kidogo, wakakuta lango. Lilikuwa lango la mbao, dogo, la kuinamia. Kando yake palikuwa na ukuta mfupi wenye rafu ndefu, na juu ya rafu mawe madogo ya kila rangi yamepangwa, kila moja limekaa peke yake. Bawabu alikuwa mwanamke mnene aliyevaa koti zito juu ya buibui, chupa ya chai miguuni, ukili wa mkeka mikononi anausuka. Kichwa hakuinua.

"Karibuni hifadhini," alisema. "Mizigo mnaiacha hapa."

"Hatuna mizigo, bibie. Ni bakuli hili tu."

"Ingia na bakuli lako. Nasema majina."

Akawaeleza, huku vidole vikiendelea kusuka. Anayeingia huokota jiwe, hulinong'oneza jina lake, huliweka rafuni. Jina hubaki pale, na mwenyewe huingia mtupu, maana vilima hivi vilifanywa na kitu kisichokuwa na jina, wala havipendi kelele za akina fulani bin fulani. Jina lililoachwa rafuni halitamkiki huko ndani, hata mtu ajikaze mishipa ya shingo imtoke. Wakati wa kutoka kila mmoja hulichukua jiwe lake, akaendelea kuwa yule aliyekuwa.

"Na asiyelijua lake?" Kazija aliuliza.

"Asiyelijua lake hatoki." Bawabu aliyasema hayo kwa upole, kama anayemwambia mtu kwamba sukari imekwisha. "Hapigwi, hafungwi. Anakaa tu. Jua likigusa maji nafunga lango, na vilima vinakuwa na jiwe moja zaidi."

Kazija akatazama juu. Kwenye miteremko yalikaa majabali, moja hapa, jingine kule, makubwa kama vibanda, ya rangi ambayo si ya udongo ule.

"Yale ni watu?"

"Sikusema watu. Nasema wageni. Barafu iliyabeba kutoka mbali huko, ikayaacha, ikaenda zake. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wamekaa hata jembe lenyewe limeota kutu, na hakuna aliyewapa."

Hapo Kazija alitaka kugeuka. Wallahi alishamshika mzee kiwiko. Mtu asiyemjua mwanawe wa kumzaa atalijuaje jiwe? Lakini bawabu akaongeza neno moja, na neno hilo ndilo lililomponza. "Watu huja kwa sababu barafu haipotezi kitu," alisema. "Inachokichukua kule, inakitua huku." Kazija akasikia kifua kinampasuka kwa tamaa. Kama kuna mahali ambapo vilivyochukuliwa hutuliwa, si ndipo hapa? Na alipogeuka, mzee alishainama, ameokota jiwe jekundu la rangi ya tofali, amelipangusa kwenye kanzu, amelisogeza midomoni.

"Jina?" akauliza bawabu.

"Baba Kazija," mzee alijibu, wazi kabisa, kama mtu aliyeitwa dirishani.

Bawabu akacheka mpaka ukili ukamponyoka. "Hilo la mtoto, babu! Umelitangulizia ubaba tu. Lako wewe, ulilopewa na mama yako?"

Mzee akatafuta. Unajua mtu anavyopapasa mfuko wa kanzu akitafuta ufunguo, na ufunguo haumo? Ndivyo ulivyofanya uso wake. Kisha akamtazama Kazija, amsaidie.

Kazija alilijua, sana tu. Lakini kwao mtoto hamtaji baba yake kwa jina. Huko kwao ukilitaja utapigwa kofi la mdomo hata kama una wajukuu. Hata mke humwita mumewe kwa jina la mtoto wa kwanza. Mamake Kazija aliolewa, akazaa, akazeeka na akafa bila kulitamka jina la mumewe hata siku moja, na mapenzi yao yalikuwa ya kusifika. Kazija akafungua mdomo, ulimi ukagoma. Aliona haya. Mbele ya mgeni, mbele ya babake mwenyewe, amtaje kama anayemtaja mchuuzi? Akasema haraka haraka, "Ndilo hilo hilo, bibie. Ndilo analoitwa."

"Shauri yenu," akasema bawabu.

Mzee akalinong'oneza jiwe lake jekundu, akaliweka. Kazija akaokota la kijivu lenye mstari mweupe katikati, akalitia jina lake, akaliweka kando ya lile. Mtu mwenye haya na haraka masikio yake hufanya kazi nusu. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Bawabu akawapa gunia la kujifunika baridi. Mzee alipolihisi begani, lile gunia kuukuu lenye harufu ya katani, alitabasamu kama aliyevishwa joho.

Wakaingia.

Nifanyeje niwaeleze vilima vile? Havikuwa virefu. Havikuwa na ukali. Vilikuwa na ule utulivu wa kitu kilichowahi kulaliwa na uzito mkubwa, uzito ukaondoka, nacho hakijaamini. Njia ilipita kati yake, ikapinda, ikapanda, ikashuka, na kila ulipofika juu uliona bahari pale pale ilipokuwa, wala hujui umesogea au umezungushwa. Majani yalikuwa yamelala upande mmoja. Ndege weupe walipiga kelele huko wasikoonekana. Upande wa pwani bahari ilikuwa imekimega kilima kimoja kama mkate, na ndani ya ule mkate ulionekana udongo wa kijivu, mchanga, mawe ya mviringo, udongo tena, vyote vimechanganyika bila mpango, kama nyumba iliyohamwa usiku. Hicho ndicho kilichobaki cha sultani. Alipita akiponda, akisaga, akibeba milima ya watu bila kuuliza, na hapakuwa na wa kumwambia basi. Leo yuko wapi? Hakuna hata tone. Ila ameacha umbo. Kila kilima ni mahali alipoweka mkono, kila bonde ni mahali alipoburuta goti, na watu wanakuja kutembelea, wanasema, pazuri hapa.

Kazija alikuwa akitembea na swali, na swali lilitembea naye. Je, barafu ilivijua vilima vyake? Ilipokuwa inayeyuka, tone kwa tone, ilisema hata mara moja, hiki nimekifanya mimi? Au ilikwenda tu, ikimwagikia baharini, na vilima vikabaki vimesimama, vina sura ya mtu asiyevijua?

Na kama haikuvijua, si vilima bado?

Kwenye kilima cha kwanza mgongo wa mzee ulinyooka. Kwenye cha pili ndevu zake zilikuwa nyeusi, na miguu ya Kazija ikawa mifupi, akalazimika kukimbia ili amfikie. Mzee akageuka, akamnyanyua, akamweka begani juu ya gunia, na Kazija akaiona dunia kutoka kule juu, akainusa shingo ya babake: jasho, unga wa mbao, maji baridi. Alicheka kicheko ambacho hakukisikia kwa miaka mingi, akashangaa ni cha nani. Kwenye kilima cha tatu mambo yaligeuka. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, na mzee alikuwa mgongoni mwake, mwepesi mno, anamuuliza kama wamekaribia. Hakuna aliyeona ajabu. Huko ndani mambo yalikwenda hivyo, na wewe pia ungezoea.

Lakini jina, jina. Mwanzoni kukosa jina kulikuwa raha, kama kuvua viatu vinavyobana. Baadaye Kazija alianza kujisikia anamwagika. Mimi ni nani? Binti. Binti wa nani? Wa huyu hapa. Na huyu hapa ananijua? Hanijui. Basi ubinti wangu umekaa wapi, umeshikwa na mkono gani? Kitu kinachojulikana na upande mmoja tu ni kitu? Mlango wenye bawaba moja ni mlango? Mimi nilimuuguza. Mimi nilimtafutia viatu vilivyokuwa chini ya mto wake. Mimi nilikuwa mama yake leo asubuhi. Mimi, mimi, mimi, nani?

Wakafika kwenye ziwa dogo.

Lilikuwa duara kati ya vilima vitatu, limetulia, jeusi, halina mto unaoingia wala unaotoka. Mzee aliposimama ukingoni alikuwa mzee tena, kanzu inampepea, gunia begani. Aliyatazama maji kwa muda. Halafu uso wake ukafanya jambo ambalo Kazija hakuliona tangu mwaka juzi: ukakusanyika. Macho yakapata mwenyewe.

"Hapa palifukiwa pande," alisema.

"Pande gani, baba?"

"La barafu, pande gani tena! Kubwa, kama mtaa. Ile barafu kuu ilipoondoka, hili lilikatika likabaki nyuma. Udongo ukalifunika, mchanga ukalifunika." Alilipigapiga gunia begani kwake. "Unaona? Barafu ukiifukia haifi haraka. Mimi naifukia kwenye unga wa mbao, inafika jioni ikiwa nzima. Hili limekaa chini ya udongo hapa, peke yake, wenzake wote wamekwisha, lenyewe lipo. Linayeyuka pole pole. Pole pole. Mpaka siku moja udongo ukashuka, pakabaki shimo la ukubwa wake, na maji yake mwenyewe ndani."

Kazija hakupumua. Aliogopa pumzi yake itamfukuza yule mtu.

"Nina mtoto," mzee akaendelea, akiyaambia maji. "Wa kike. Alishikwa na homa akiwa mdogo, homa mbaya, hata mamake alishaanza kulia kilio cha msibani. Nilikuwa na pande moja tu siku hiyo, limelipiwa, la watu wa arusi. Wakaja wakaniita mlangoni, wee, wakatukana mpaka wakachoka. Sikutoka. Nilivunja kipande, namwekea kwenye paji. Kimeyeyuka, navunja kingine. Pande zima, bibi wewe. Pande zima la arusi lilikwisha juu ya uso wa mwanangu. Alfajiri akafungua macho akasema, baba, nimelowa." Mzee akacheka, machozi yanamtoka bila yeye kuyajua. "Arusi ikanywa sharubati ya vuguvugu. Waliniita mwendawazimu mji mzima."

"Anaitwa nani huyo mtoto?" Kazija aliuliza. Sauti ilimtoka nyembamba, ya kuomba.

"Anaitwa..." Akafungua mdomo. "Anaitwa..." Akagusa ulimi wake kwa kidole. "Lipo hapa. Lipo hapa hapa, dada yangu, nalisikia uzito wake. Mbona halitoki?"

Mnaona balaa hilo? Jina lilikuwa rafuni! Kazija aliingia nchi yote ile kutafuta kuitwa, na jina lenyewe amelitua mlangoni kwa mkono wake, tena kwenye jiwe lenye mstari mweupe lisipotee. Na jina la mzee nalo liliishia na lile lile, kwa hiyo hata akijiita mwenyewe asingeweza. Kazija akakaa chini kwenye majani yaliyolowa, akacheka, halafu akalia, halafu hakujua ni kipi anachofanya. Moyo ulimuuma, na mimi ninayesimulia unaniuma, tusidanganyane.

Alipofuta macho, mzee hayupo.

Ukungu ulikuwa umeingia kutoka baharini, ule wa chini chini unaokula miguu kwanza. Jua lilikuwa limeshuka, limebaki upana wa kiganja juu ya maji. Kazija alipanda kilima mbio, akashuka kingine, bakuli linamgonga nyonga. Akamwona. Alikuwa amekaa kwenye mteremko, ameegemea jabali moja la wale wageni, gunia amejifunika mpaka kichwani. Alikuwa ametulia sana. Kwa mbali hungeweza kusema mtu anaishia wapi na jiwe linaanzia wapi.

"Baba Ka... Baba Ka..."

Halikutoka. Basi akafanya lile alilokataa kulifanya langoni. Akalitamka. Jina lile la babake halikuwekwa rafuni na mtu yeyote, lilikuwa huru, na lilimtoka kwa sauti ambayo ingesikika mitaa yote ya kwao, astaghafirullah.

"Makame! Makame wee!"

Mzee hakugeuka. Kazija alimfikia, akamshika mabega, akamwambia usoni, "Makame! Hilo ndilo jina lako. Ulipewa na mama yako. Inuka, tafadhali, lango linafungwa."

Mzee alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwonea huruma mgeni aliyepotea njia. "Simjui huyo, mama. Huenda alikaa hapa zamani. Hebu waulize hawa," akasema, akalipapasa jabali. "Mimi nimechoka. Hapa pana joto."

Si kweli, jabali lilikuwa baridi kama mauti. Kazija alilishika akalijua. Alivuta mkono wa babake, mkono haukuja. Huyu Makame alikuwa amekufa siku nyingi, labda siku ile ile binti alipozaliwa, na hakuna aliyemzika kwa sababu hakuna aliyemkumbuka, wala mwenyewe hakumlilia. Sasa mtu utamwita nani, ikiwa jina lake la kweli halijui, na analolijua halitamkiki?

Akasimama. Akarudi nyuma hatua kadhaa ndani ya ukungu, mpaka asionekane. Akaweka mikono mdomoni. Na kwa ile sauti ya wake wa wauza samaki, sauti ya puani, ya kuamrisha, sauti iliyomwamsha kila asubuhi ya utoto wake, akaita:

"Baba wee! Niletee pandeee!"

Akatega sikio, akaita tena:

"Niletee pande, samaki wanaharibikaaa!"

Gunia likatikisika. "Naja!" mzee akajibu, na sauti ilikuwa ya mtu mzima mwenye kazi yake. "Naja! Barafu haimsubiri mtu!" Akainuka. Aliyanyoosha magoti, akashika mipini ya mkokoteni usiokuwepo, akaanza kushuka. Kazija akawa anamtangulia, mteja wa ukungu, akiita kila wakifika kilima, na mzee akimjibu, akisukuma, akilalamika kwamba watu wa mji huu hawana subira. Ndivyo walivyotoka. Hivyo tu.

Langoni bawabu alishasimama, ukili ameukunja kwapani. Ukingo wa jua ulikuwa kidole tu juu ya maji.

"Mmenikawiza," alisema. "Haya, babu ndiye wa kwanza. Chukua lako."

Kazija alibana mikono kifuani. Mzee alitembea mbele ya rafu polepole, anayatazama mawe kama mtu anayechagua samaki sokoni. Akafika kwenye lile jekundu. Akalitazama. Akalipita. Kazija akafumba macho. Alipoyafumbua, mzee ameshika jiwe la kijivu lenye mstari mweupe, amelificha kifuani kwa mikono miwili.

"Hilo si lako, babu," alisema bawabu. Hakucheka safari hii.

"Langu."

"Linasemaje?"

Mzee akaliweka sikioni. Akasikiliza, na uso wake ukafunguka wote. "Kazija," akasema. "Linasema Kazija."

Alisema hivyo akilitazama jiwe. Bintiye alikuwa amesimama pembeni yake, karibu kabisa.

Bawabu akamgeukia Kazija. "Sheria si yangu, dada. Ukisema 'langu', linarudi kwako sasa hivi, unatoka wewe ulivyoingia. Yeye atakuwa amekosea, atakaa. Ukinyamaza, limekwenda. Amelichukua, ndiye mwenyewe, na wewe jina hilo huna tena."

Kazija alimtazama baba yake. Watu wote wa dunia walikuwa wamemwishia, na nyumba yao, na mji, na mkewe, na Makame, vyote vimeyeyuka vikaenda. Alibakiwa na kipande kimoja, amekifukia kifuani, na alikuwa tayari kupigana na bawabu kwa ajili yake. Asubuhi Kazija alilinyamazia jina la babake kwa sababu ya haya. Safari hii alinyamaza kwa sababu hakuwa na zawadi nyingine ya kumpa.

Bawabu alingoja. Kisha akashusha pumzi. "Haya. Limekwenda. Na wewe utatoka na nini?"

Kwenye rafu, mahali pale, palibaki lile jekundu.

"Liweke sikioni," bawabu akasema, taratibu. "Likikuita, toka nalo. Lisipokuita, nitakuletea chai huko ndani, najua utasikia baridi."

Kazija akalichukua. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Akaliweka sikioni, akasikia mvumo wa bahari, halafu pumzi ya mzee, halafu sauti ya babake, wazi kabisa, sauti ya mtu aliyeitwa dirishani:

"Baba Kazija."

Babake alikuwa ameshalitaja jina lake. Asubuhi, hapa hapa, mbele yake, alipoulizwa yeye ni nani. Kila alipoulizwa, maisha yake yote, alilitaja jina la bintiye ndipo akajua yeye ni nani. Na Kazija alisimama pale na haya zake, anawaza adabu, anamwambia bawabu ndilo hilo hilo, wala hakusikia.

"Limekuita?" bawabu akauliza.

Kazija akaitikia kwa kichwa. Alilia pale bila kujificha, jiwe sikioni, akilisikiliza tena na tena.

Bawabu akafungua lango, akawainamishia vichwa wasijigonge. Akauliza, kama ilivyo desturi kwa kila atokaye, "Nani anatoka?"

Mzee akageuka. Akamtazama Kazija machoni, kwa muda, kwa furaha ya mtoto aliyepotea sokoni akapatikana. "Mimi Kazija," alimwambia bawabu kwa majivuno. "Na huyu ni baba yangu."

Kazija akameza machozi. Bakulini bado mlikuwa na uji, na ulikuwa umeshapoa kiasi cha kunyweka. Akamvika gunia vizuri, akamfunga kifungo cha kanzu kilichofunguka, akampa mkono.

"Naam, mwanangu," alisema. "Twende nyumbani. Barafu haimsubiri mtu."